Mama yake Raissa

Sanduku la safari lilikuwa limesimama kando ya kitanda, jipya, la magurudumu. Martha alilisukuma kwa kidole, likasogea kwa uzito.

"Limejaa," alisema.

"Limejaa, madame. Tangu mwezi uliopita iko tayari," Chabani alijibu kutoka mlangoni. "Hakuchukua kitu. Hata telefone, iko pale juu ya kabati."

Simu ilikuwa kwenye chaji. Martha aliichomoa, akaangalia: Raissa amepiga, Raissa amepiga, Raissa amepiga, hadi chini kabisa ya kioo. Aliirudisha mahali pake.

Martha alikuwa afisa wa upelelezi wa polisi mjini Gitega. Alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilichonyooka kiliwafanya watu wa mtaa wa Nyamugari wamtanie kwamba anaongea kama redio. Asubuhi hiyo ya Ijumaa hakuna aliyemtania. Bi Amisa, mshonaji wa kofia aliyekuwa anakaribia miaka sitini, alikuwa ametoka nyumbani Jumatano alfajiri na hakuonekana tena. Chabani, mtoto wa kaka yake, aliyelelewa humo ndani na sasa ni fundi cherehani, ndiye aliyekuja kutoa taarifa polisi.

Jambo lililofanya kesi hiyo iwe ya haraka ni safari. Amisa alikuwa anahamia Kanada. Mwanaye wa pekee, Raissa, alikuwa amepata uraia kule na kuomba kumdhamini mama yake: kwamba atamlisha, atamvisha na kumtibu kwa mshahara wake mwenyewe, asije akawa mzigo kwa serikali. Ili mshahara huo ukubalike ulibidi uongezeke. Basi kwa miaka mitatu Raissa alihudumia wazee mchana na kusafisha ofisi jioni. Maombi yalikuwa yamefika mwishoni. Kilikuwa kimebaki kipimo kimoja tu.

"Raissa anasema ni Radjabu," Chabani alisema. "Yule anayepelekaga watu Bujumbura kwa mambo ya karatasi. Anasema amemuficha, auze nafasi yake kwa mtu mwingine. Mi nilisikia ameshafanya ile kitu zamani."

"Tutamwita Radjabu. Kwanza niambie, shangazi yako alitoka na nini mkononi?"

"Kikapu."

"Ndani yake?"

Chabani alifikiri. "Sukari. Sabuni. Na kitenge kipya, kile Raissa alimutumia kwa Idi."

"Amekivaa?"

"Hapana, alikikunja. Hajakivaa hata siku moja."

Martha alitazama kitanda kilichotandikwa vizuri, mkeka wa kuswalia uliokunjwa, kofia ambayo haijamalizika ikiwa na sindano imechomekwa pembeni. Mtu aliyechukuliwa kwa nguvu hafungi sukari. Na anayekimbia hakumbuki sabuni. Huyu alikuwa anakwenda kumtembelea mtu, tena mtu anayemheshimu.

"Ana ndugu wengine nje ya mji?"

"Iko shoga yake kule Giheta, nimeenda mi mwenyewe, hajamuona. Wa Bujumbura nimewapigia wote. Basi."

Nje, jirani alikuwa amesimama uani akisubiri aitwe. Aliitwa Kasilda, muuguzi katika zahanati moja ya upande wa Mushasha, bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Alikuwa na jambo, na alitaka kulisema bila Chabani kusikia. Martha alimtuma Chabani akatafute picha ya shangazi yake.

"Sijui kama ina maana, madame," Kasilda alianza. "Jumapili Raissa alipiga simu, akamwambia mama yake kwamba wale wa uhamiaji wanataka kipimo cha mate. Ile inaonyesha nani amezaa nani. Kwa sababu acte ya kuzaliwa ya Raissa ilitengenezwa nyuma, baada ya vita, hawaiamini sana. Raissa alikuwa anacheka, alisema, mama, utatema tu kidogo, voilà, imeisha."

"Na Bi Amisa?"

"Alikuja kwangu jioni. Aliniuliza: mtoto akinyonya maziwa ya mwanamke, ile maziwa si inakuwa damu? Basi mate yao itafanana?"

"Ukamjibu nini?"

"Mi nilicheka. Nilimwambia, non, maziwa haibadilishi kitu. Akasema asante, akaenda kuanua nguo." Kasilda alishusha sauti. "Mais nguo ilikuwa bado na maji, madame. Ndo kwanza alikuwa amezianika."

Picha ilipoletwa Martha aliitazama kwa muda mrefu: mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa kijani, amemshika bega msichana aliyevaa joho la kumaliza shule, mrefu, mwenye mabega mapana na mwanya kwenye meno. Alimwomba Chabani amwachie hadi jioni, kisha akaenda kumhoji Radjabu.

*

Radjabu alikuja kituoni na shati lililopigwa pasi na maneno mengi. Martha alimwacha ayamalize.

"Yuko wapi Bi Amisa?"

"Mi sijui, chef. Wallahi sijui. Yule mama ni kama mama yangu."

"Uliwahi kumpeleka mtu Bujumbura kwa jina la mtu mwingine."

"Ile ni ya zamani. Na haikufika mbali."

"Haikufika mbali kwa sababu ulikamatwa." Martha alisogeza kiti. "Raissa anasema umeitafutia nafasi ya mama yake mteja. Mama hayupo, na wewe ndiye unayejua safari yake kuliko mtu yeyote hapa mjini. Nianze kukuandika?"

Radjabu alifuta paji la uso kwa kiganja. Alitazama mlango, akatazama dirisha.

"Chef, mi sikutaka kumusema vibaya. Ni yeye."

"Yeye nini?"

"Ni yeye aliniuliza. Alikuja Jumatatu, nikamukaribisha chai, hakunywa. Akasema: Radjabu, kama mwanamke mwingine ndo anatema mate, yule mwanamke anaweza kwenda yeye? Mi nikasimama! Nikamwambia, mama, we unataka kunirudisha gereza? Kila mtu anaomba ile nafasi, we unaitupa?"

"Alikuwa amelazimishwa na mtu?"

"Hapana. Alikuwa mutulivu kabisa. Ndo ile iliniogopesha."

"Hakusema huyo mwanamke ni nani?"

"Hakusema jina. Alisema tu, ni haki yake." Radjabu alitikisa kichwa. "En tout cas, mi nilijua ni uzee. Nikamwambia aende apumzike."

Martha alimtazama machoni, naye safari hii hakuyakwepa. Mwongo angebuni hadithi inayomnufaisha, na hii haikumnufaisha. Alimwambia aende, ila asitoke Gitega. Radjabu alisimama nusu, akakaa tena, kana kwamba hakusikia vizuri, kisha akatoka haraka.

Martha alibaki na picha mezani. Maziwa yanakuwa damu? Mwanamke mwingine akitema mate? Ni haki yake. Alikuwa ameyasikia mambo hayo katika sehemu mbili tofauti, kutoka kwa watu wawili, na yote yalikuwa swali moja. Aliutazama tena mwanya wa Raissa na mabega yake mapana, kisha uso mwembamba wa Amisa. Mtu hawezi kumhukumu mtu kwa picha. Lakini picha ilimwambia aulize nini.

Alirudi Nyamugari kabla jua halijapoa. Chabani alikuwa kwenye cherehani bila kushona.

"Raissa alizaliwa wapi?"

Chabani alishangaa. "Muyinga. Walikuwa wanakaa kule wakati ule, mume wake alikuwa fundi viatu sokoni. Mi nilikuwa mudogo, nilikuwa huku kwa wazazi wangu."

"Walihamia hapa lini?"

"Baada ya mume kufa. Raissa alikuwa anaanza kutembea."

"Nani anawajua kule Muyinga mpaka leo?"

"Hakuna, madame. Iko tu ile mama wa maharagwe."

"Mama yupi?"

"Jeska. Si ndugu yetu, ni mukristo, analima. Kila mavuno anatumaga gunia moja ya maharagwe kwa gari ya Faridi. Raissa anamuitaga tantine, shangazi. Iko rafiki ya shangazi tangu vita." Alishika kichwa. "Sikufikiri kumupigia. Hata namba yake sina."

Faridi walimkuta kituo cha mabasi akipakia mizigo juu ya gari lake.

"Mama Amisa?" alisema. "Si nilimupeleka Muyinga Jumatano!"

"Watu wanamtafuta tangu siku hiyo," Martha alimwambia. "Hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

*

Jumamosi walipanda gari lake Faridi, Martha kiti cha mbele na Chabani nyuma. Kutoka Muyinga mjini walipanda kilima kwa miguu, wakielekezwa kutoka mgomba hadi mgomba, kwa maana kila mtu alimjua Jeska: yule aliyerudi kutoka Tanzania na watoto wawili wa kiume aliowazaa kule, akajenga tena kwenye kiwanja cha marehemu mumewe.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, imepakwa vizuri. Uani, juu ya mkeka, walikaa wanawake wawili. Mmoja, mwembamba mwenye mtandio, alikuwa amekaa juu ya kigoda akimsuka mwenzake. Anayesukwa alikuwa chini katikati ya magoti yake, mabega mapana, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

Chabani alitaka kukimbia mbele. Martha alimshika mkono.

"Hodi hapa," alisema.

Mkono wa Amisa ulisimama nywelani. Alimwona Chabani, akamwona mwanamke asiyemjua, akaelewa.

"Yampayinka, Mungu wangu," alisema polepole. "Umeleta polisi, Chabani?"

"Shangazi, tulidhani umekufa!" Chabani alisema. Aligeuka akaangalia migomba.

Mwenye nyumba alisimama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akawaletea viti. Alipokaribisha, Martha alisikia lafudhi ya Tanzania.

"Ulikaa kambi gani, mama?"

"Lukole."

"Hata mimi."

"Basi wewe ni wa nyumbani," Jeska alisema, na alipotabasamu, mwanya ulionekana.

Martha alikaa. Alimgeukia Amisa, na akasema kwa upole kadiri alivyoweza, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kulisema:

"Mama Amisa, hukumzaa Raissa."

Amisa hakubisha. Aliokota kitana, akakiweka chini tena.

"Namusuka kwa ajili ya picha," alisema. "Ya pasipoti. Mi nilitaka aonekane vizuri."

"Tangu Jumatano ananiambia niende Kanada," Jeska alisema. "Ati mate ni yangu, basi na safari ni yangu. Ati niende kwa jina lake. Nimemwuliza, Amisa, nikishuka kwenye ndege, Raissa akiniona mimi atasema nini? Ananijibu, utamwambia wewe."

"Nani mwingine atamwambia?" Amisa alisema. "Mi siwezi. Nikitema, karatasi itasema mi ni muongo. Mtoto atasoma ile kitu kwa ofisi, mbele ya watu wasiomujua. Bora nisiende. Bora aende mama yake, amuone, kwa sababu yeye hajamuona vizuri hata siku moja, amemuona tu akipita, anakuja anakunywa chai, anarudi. Mi nimeshiba. Nimemuona miaka yote."

Chabani alikuwa amegeuka. Alimtazama shangazi yake, akamtazama Jeska, mdomo wazi.

"Mkifanya hivyo," Martha alisema, "mtafungwa nyote wawili, na Raissa aliyetia sahihi ataulizwa kule. Kila alichokifanyia kazi kitaharibika. Hilo ni la kwanza. La pili, amekesha siku tatu anakulilia. Lazima nimpigie."

"Usimwambie."

"Mimi sitamwambia. Nitamwambia kwamba uko hai. Mengine ni yako."

Alipiga. Kanada ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha, lakini simu haikuita hata mara mbili. Martha alisema maneno machache, kisha akaiweka simu juu ya mkeka, sauti ikiwa wazi, na wote wakasikia kilio cha Raissa kikijaza ua.

"Mama! Mama, uko wapi? Wamekufanya nini?"

"Niko mzima, mwananje. Hakuna aliyenifanya kitu. Niko Muyinga, kwa Jeska."

"Kwa tantine? Unafanya nini kule? Mi nilienda mpaka kuomba ruhusa kazini nipande ndege!"

Amisa aliutafuta mkono wa Jeska bila kuangalia, akaupata.

"Raissa, mate yangu haitakubali."

"Haitakubali nini?"

"Sikiliza usinikate. Nikiacha sitaanza tena. Wakati wa vita, mi nilikuwa nimezika mtoto. Mvulana. Maziwa ilikuwa bado inatoka, inanilowanisha nguo, na hakuna wa kunyonya. Watu walikuwa wanapita mbele ya nyumba, wanaenda mpakani Kobero, wavuke Tanzania. Siku moja binti mmoja akakaa kwa mlango wetu. Mume wake wameshamuua. Alikuwa na mtoto wa miezi michache, anaungua homa, na yeye maziwa imekauka kwa njaa na kutembea. Mtoto alikuwa hata hawezi kulia. Mi nikamuchukua, nikamunyonyesha palepale. Akanyonya." Alivuta pumzi. "Yule binti akasema, mama, akivuka na homa hii atakufa njiani. Kaa naye, nitarudi wiki ijayo. Akaenda. Mpaka ukafungwa, kambi ikamuchukua miaka. Aliporudi alikutafuta mpaka Gitega, akakukuta una umri wa miaka kumi na mbili, unafanya devoirs za shule mezani. We ulimusalimu, ukamuita tantine. Akaniangalia, akasema, Amisa, usimuvuruge, acha asome. Akarudi shambani kwake. Ndo Jeska, Raissa. Ndo yeye alikuzaa. Mi nilikunyonyesha tu."

Kuku alipita kwenye mkeka na hakuna aliyemfukuza. Martha aliangalia kioo kuona kama laini imekatika. Haikuwa imekatika.

"Raissa?" Amisa aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niko hapa." Walimsikia akipenga kamasi. "Na kwa hiyo ndo ulikimbia?"

"Ndo kwa hiyo."

"Mi nimefanya kazi mbili miaka tatu, nasafisha vyoo vya watu usiku na miguu imevimba, kwa sababu ya mate?" Sasa alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja. "Nani alikuambia nilikuwa naleta mate? Mi naleta wewe! We ndo ulinipeleka shule na njaa yako. We ndo ulilala chini wakati nilikuwa na malaria. Unanikimbia, mama? Mi?"

Amisa alijifunika uso kwa mtandio. Jeska akampigapiga mgongoni, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Lundi, wiki ikianza tu, naenda kwa avocat wangu," Raissa aliendelea. "Namwambia ukweli wote, kwamba ulinilea. Kama wanasema tuanze tena, tutaanza tena."

"Na wakikataa?" Amisa aliuliza ndani ya mtandio.

"Wakikataa mi nakuja huko, nakuona, narudi, naomba tena. Sijachoka." Kisha akacheka kidogo katikati ya machozi, kicheko cha mtu aliyechoka kabisa. "Bon Dieu. Nimetafuta kazi mbili kwa mama mmoja, kumbe iko wawili."

"Mimi usinihesabu kwa ndege," Jeska alisema. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema kwenye simu ile. "Nimeshakimbia nchi mara moja. Inatosha."

Martha alisema aliyopaswa kusema. Ataandika kwamba Bi Amisa amepatikana, kwamba alitoka kwa hiari yake na hakuna aliyemtendea kosa, na kwamba Radjabu hahusiki. Wakili akihitaji mashahidi wa malezi, Gitega wamo, Kasilda wa kwanza, na yeye mwenyewe ataandika maelezo ya mama hawa wawili kabla hajaondoka, wakiwa tayari. Raissa alimshukuru. Alimshukuru tena. Kisha akasema, "Madame, usikate kwanza."

"Sikati."

"Tantine yuko karibu?"

"Niko hapa," Jeska alisema. Aliinama juu ya simu, mikono kwenye magoti.

"Sijui nikuite nani sasa."

"Niite ulivyozoea."

"Tantine." Raissa alisita. "Kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa, mi nilikuwa namuuliza mama ilikuwaje. Alikuwa anasema amesahau, mama wengine hawasahau. Ilikuwa mvua au jua?"

Jeska alitazama upande wa chini wa kiwanja, penye mteremko.

"Mvua," alisema. "Mwezi wa nne, mvua haikatiki. Asubuhi uchungu ukaanza, baba yako, Ignasi, akakimbia kumwita mkunga ng'ambo ile. Kurudi akateleza pale pa mteremko, akashuka kwa makalio mpaka mlangoni. Akaingia ndani, matope mpaka kichwani, macho tu ndiyo meupe. Mkunga akaanza kucheka. Na mimi nikacheka, na uchungu wangu wote ule. Mkunga akasema nisicheke, nisukume. Sikuweza kuacha. Ukatoka hivyohivyo, watu wazima watatu wanacheka, na wewe peke yako unalia kwa hasira."

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ambayo Martha hakuweza kuitambua kama ni kicheko au ni kilio. Amisa alikuwa ameshusha mtandio. Uso wake ulikuwa bado na maji. Aliteremka kutoka kwenye kigoda, akaketi chini kando ya Jeska, wote wawili juu ya simu ile.

"Rudia pale pa matope," alimwambia. "Na mi sikuwahi kuisikia."